Mandela, Dar es Salaam na pasipoti ya haraka haraka

Ukitaka kujua thamani ya pasipoti, subiri upate safari ya ghafla. Jumanne barua pepe inaingia: umechaguliwa kwenda kwenye warsha Geneva, au ndugu yako amelazwa India na anahitaji mtu wa kukaa naye, au kampuni inakutaka Johannesburg Jumatatu ijayo. Dakika tano za kwanza ni za furaha, au za majonzi, kutegemea na safari yenyewe. Dakika ya sita unakumbuka kwamba pasipoti huna.

Hapo ndipo mbio zinapoanza. Cheti chako cha kuzaliwa kiko kwa mama, mkoani, ndani ya sanduku la bati. Cheti cha baba hakijawahi kuwepo. Mzee alizaliwa mwaka wa nzige na tarehe hakuna aliyeiandika, kwa hiyo inabidi kula kiapo. Barua ya serikali ya mtaa inamsubiri mwenyekiti, na mwenyekiti yuko msibani. Bado namba ya NIDA, bado picha, bado barua ya mwaliko ya kuthibitisha kwamba safari ipo kweli. Na kila rafiki unayempigia simu anaanza na swali lile lile: "Kwani pale unamjua nani?"

Tumezoea kulicheka swali hilo. Tunasema ni ugonjwa wetu wa mjini, ugonjwa wa kujuana. Mimi nadhani limebeba historia nzima ya pasipoti. Pasipoti nyingi ukizifungua, kurasa za mwanzo utakuta ombi: serikali inawaomba wakubwa wa nchi nyingine wamruhusu mwenye hati hii apite bila kizuizi, na wamsaidie akikwama. Ni barua ya utambulisho, ndugu ya ile ya mwenyekiti wa mtaa, ila hii imejaladiwa vizuri. Inasema kuna mtu mkubwa anayekujua. Na kuna jambo la pili inalolisema kimya kimya, ambalo ndilo ninalotaka tulizungumze leo: inasema kuna mahali utakapopokelewa ukirudishwa.

Sijui hadithi inayolieleza jambo hilo vizuri kuliko ya mtu mmoja aliyefika Dar es Salaam Januari 1962 akiwa na safari ya haraka na hana pasipoti. Jina lake Nelson Mandela. Kabla hatujamfikia, turudi nyuma kidogo.

Pasipoti tunayoijua leo haina umri mkubwa. Kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, mtu mwenye nauli yake aliweza kuzunguka sehemu kubwa ya Ulaya Magharibi bila kuulizwa hati. Huku pwani yetu, majahazi yalikuwa yanakuja na kaskazi na kurudi na kusi kwa karne nyingi, na kilichomchelewesha nahodha zaidi ni upepo. Vita ilipoanza mwaka 1914 kila serikali ikaingiwa na hofu ya wapelelezi, ikaanza kudai hati mipakani. Wengi walidhani ni jambo la muda. Oktoba 1920, chini ya Shirikisho la Mataifa, nchi zilikutana Paris zikakubaliana namna moja ya pasipoti: kijitabu cha kurasa 32. Jambo la muda likapata jalada.

Mara tu dunia ilipokubaliana kwamba kila msafiri lazima awe na serikali ya kumdhamini, likazuka swali la watu wasio na serikali. Warusi wengi waliokimbia mapinduzi ya 1917 walivuliwa uraia na utawala mpya wa Kisovieti. Walikuwepo Paris, Berlin na Istanbul, hai kabisa, ila hakuna serikali iliyosema inawajua. Mwaka 1922 Fridtjof Nansen, yule mpelelezi wa barafu wa Norway aliyekuwa Kamishna wa Wakimbizi wa Shirikisho, aliwatengenezea hati iliyokuja kuitwa pasipoti ya Nansen. Iliwasaidia wengi. Kasoro yake kubwa, hasa mwanzoni, ilikuwa hii: nchi iliyoitoa haikulazimika kumpokea mwenye hati akitaka kurudi. Likumbuke hilo la kurudi.

Afrika ya wakoloni ilikuwa na mambo yake. Kenya, baada ya vita hiyo, wanaume wa Kiafrika walilazimishwa kubeba kipande, wengi wakikining'iniza shingoni ndani ya kikebe cha bati. Mzungu alipewa hati ya kumfungulia njia, Mwafrika akapewa hati ya kumfungia.

Afrika Kusini walilipeleka jambo hilo mbali kuliko wote. Mwaka 1952 serikali ya makaburu ilipitisha sheria ambayo jina lake lilidai kufuta pasi, na kazi yake ikawa kuziunganisha zote ndani ya kitabu kimoja ambacho kila Mwafrika mtu mzima alipaswa kuwa nacho muda wote. Picha, mwajiri, kodi, ruhusa ya kukaa mjini, vyote humo. Ukikamatwa huna, ni jela. Miaka mitatu baadaye, 1955, ikaja sheria nyingine: kutoka nje ya nchi bila pasipoti ni kosa la jinai. Hebu ziweke sheria hizo mbili pamoja. Kitabu cha kukufunga ndani ulilazimishwa kukibeba. Kitabu cha kutokea nje uliomba, na aliyekuwa na siasa asiyoipenda serikali aliomba bila kupewa.

Kwa waliong'ang'ania kulikuwa na njia ya tatu, nayo ilikuwa chungu kuliko kunyimwa. Iliitwa kibali cha kutoka. Unasaini, unaondoka, hurudi tena.

Machi 21, 1960 watu waliokuwa wanaandamana kupinga vitabu vya pasi walipigwa risasi na polisi Sharpeville. Walikufa 69. Siku sita baadaye Oliver Tambo, makamu wa rais wa ANC, alivushwa mpaka kuingia Bechuanaland, Botswana ya leo, ndani ya gari la mwandishi na mhariri mmoja Mzungu, Ronald Segal. Chama kilikuwa kimeamua kwamba lazima mtu mmoja awe nje kabla mlango haujafungwa. Uamuzi ulikuwa wa busara, maana Aprili 8 ANC ilipigwa marufuku.

Tambo akawa kwenye hali ile ile ya barua pepe ya Jumanne, ila yeye akikosea anarudishwa kwa makaburu. Hakuwa na pasipoti. Bechuanaland ilikuwa ya Mwingereza, na mikono ya polisi wa Afrika Kusini ilifika huko. Yeye, Segal na Dk. Yusuf Dadoo walikaa wakingoja hati. Hati zilipatikana hatimaye kutoka India, kwa juhudi za Frene Ginwala, binti mwanaharakati wa Johannesburg aliyekuwa ametangulia kutoka, yule ambaye mwaka 1994 alikuja kuwa Spika wa Bunge la Afrika Kusini. Wakapanda ndege, wakafika Dar es Salaam, Tambo akaonana na Julius Nyerere kwa mara ya kwanza, kisha wakaendelea na safari.

Kwa nini India? Mbona karatasi haikutoka Dar yenyewe, walikopokelewa kama ndugu? Jibu ni kwamba mwaka 1960 Dar ilikuwa na moyo, muhuri ilikuwa haina. Tanganyika ilikuwa bado chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa ikitawaliwa na Mwingereza. Nyerere alikuwa kiongozi wa TANU, chama kikubwa kuliko vyote nchini, lakini hakuwa na mamlaka ya kuandika barua ambayo ofisa wa uwanja wa ndege wa nchi nyingine angelazimika kuiheshimu. Hata yeye mwenyewe, alipokwenda New York Machi 1955 kuieleza UN kwamba Tanganyika inataka kujitawala, alisafiri akiwa mtu aliye chini ya ulinzi wa Mwingereza. Maana yake, kwenye kitabu cha dunia, aliyekuwa anamdhamini ni yule yule aliyekuwa anakwenda kumlalamikia.

Desemba 9, 1961 Tanganyika ikawa huru. Kesho yake, Desemba 10, Albert Luthuli, rais wa ANC, alipokea Tuzo ya Nobel ya Amani jijini Oslo. Serikali yake ilikuwa imempa pasipoti ya siku 10 tu. Hebu fikiria: mshindi wa Nobel anahesabiwa siku kama mfungwa aliyeruhusiwa kwenda mazishini.

Siku 33 baada ya uhuru wetu, Januari 11, 1962, Mandela alivuka mpaka kwa siri kuingia Bechuanaland. Alikuwa akitafutwa na polisi kwa miezi mingi. Safari yake ilikuwa na tarehe isiyosogezwa: Februari kulikuwa na mkutano Addis Ababa wa vyama vya ukombozi vya Afrika Mashariki, ya Kati na Kusini, na ANC ilihitaji mtu wa kuieleza Afrika kwamba sasa wameamua kushika silaha, na kwamba wanahitaji fedha na mafunzo. Pasipoti hakuwa nayo, na hakukuwa na ofisi yoyote ya nchi yake ambayo angeingia kuiomba akatoka salama.

Kwa ndege ndogo wakafika Mbeya. Ameeleza mwenyewe kwenye kitabu cha maisha yake jinsi alivyokuta kwenye baraza la hoteli watu weusi na Wazungu wameketi wakizungumza, kitu ambacho hakuwahi kukiona hotelini kwao, na jinsi alivyojisikia mtu huru kwa mara ya kwanza. Aliyekuwa akiwatafuta pale ni mbunge Mwakangale. Ndugu zangu wa Mbeya mnaokwenda Nane Nane kwenye viwanja vya John Mwakangale, sasa mnajua kwamba jina lile liko na kwenye hadithi hii.

Dar es Salaam akaonana na Nyerere, aliyekuwa anamaliza wiki zake za uwaziri mkuu. Tarehe 22 ya mwezi huo huo alijiuzulu akamwachia Rashidi Kawawa. Mazungumzo hayakuwa ya kusifiana. Nyerere alimshauri asubiri na hiyo vita mpaka Robert Sobukwe wa PAC atoke jela, na Mandela hakufurahia. Lakini kwenye suala la hati hakukuwa na mjadala. Tanganyika ilimwandikia karatasi.

Karatasi yenyewe haikuwa na kurasa 32 wala jalada. Kwa maelezo yake ilikuwa hati ya kawaida mno, iliyosema tu kwamba huyu ni Nelson Mandela, raia wa Jamhuri ya Afrika Kusini, na kwamba ameruhusiwa kuondoka Tanganyika na kurudi. Basi.

Sasa isome kama ofisa wa uhamiaji anavyosoma. Kwanza, imemtaja kwa jina lake halisi. Pili, imesema ni raia wa Afrika Kusini. Haikumpachika utanganyika. Ilithibitisha kitu ambacho serikali yake mwenyewe ilikuwa inakikataa kwa vitendo, kwamba mtu huyu ana nchi. Tatu, na hapa ndipo penye kazi, imesema anaweza kurudi. Hofu kubwa ya ofisa yeyote mpakani ni kumwingiza mtu ambaye kesho hatakuwa na pa kumpeleka. Ndilo tatizo lililoisumbua pasipoti ya Nansen. Karatasi ya Tanganyika ililijibu kwa neno moja: mkimchoka, mleteni huku.

Mandela alitua Khartoum na karatasi hiyo. Anasimulia kwamba alimkabidhi mzee wa Kisudani aliyekuwa nyuma ya meza, mzee akaisoma, akainua uso, akatabasamu, akamwita mwanangu na kumkaribisha Sudan. Wapo watakaosema mzee yule alikuwa na roho nzuri tu. Sawa. Lakini Sudan nayo ilikuwa huru tangu 1956, na mzee yule alikuwa ofisa wa serikali iliyojua uhuru wa mwenzake una maana gani. Serikali yenye umri usiofika hata miezi miwili iliandika mstari mmoja, na serikali nyingine ya Kiafrika ikauamini. Mimi nikiulizwa uhuru wa Desemba 9 ulileta nini mwezi wa kwanza, kabla ya shule na barabara, nitajibu kwamba ulileta hilo.

Mlango ulipofunguka mmoja, mingine ikafuata. Alipita Ghana, akahutubia Addis Ababa, akaenda Misri, Tunisia, Morocco, Mali, Guinea, Sierra Leone, Liberia, Senegal. Dakar, serikali ya Rais Senghor ilimpa pasipoti ya kidiplomasia na nauli ya kwenda London. Ethiopia ilimpatia pasipoti kwa jina la David Motsamayi, jina alilokuwa akijifichia. Mtu aliyeondoka kwao bila hata ukurasa mmoja alirudi akiwa ameshakuwa na hati za nchi tatu.

Na lile neno la kurudi lilitimia. Njiani kuelekea nyumbani, Julai 1962, alipita tena Dar es Salaam, akawakuta vijana wa chama chake wakielekea Ethiopia kwenye mafunzo. Wazee wa Dar wana na kisa cha viatu: mwaka huo Mandela aliacha buti zake nyumbani kwa waziri Nsilo Swai, na mama wa nyumba hiyo, Vicky Nsilo Swai, akazitunza mpaka zilipomfikia mwenyewe mwaka 1995, akiwa Rais.

Agosti 5, 1962 alikamatwa barabarani karibu na Howick, Natal. Mashitaka yalikuwa mawili. La kwanza, kuchochea wafanyakazi kugoma. La pili, kutoka nje ya nchi bila hati halali. Novemba 7 alihukumiwa miaka mitano: mitatu kwa mgomo, miwili kwa pasipoti. Alikuwa anaitumikia hukumu hiyo alipopandishwa tena kizimbani kwenye kesi ya Rivonia, iliyompa kifungo cha maisha Juni 1964. Karatasi iliyoheshimiwa Khartoum, mbele ya hakimu wa Pretoria ilikuwa si kitu. Na waliomfunga kwa kutokuwa na pasipoti ndio waliohakikisha hawezi kuipata.

Mandela angalau alikuwa na chama nyuma yake. Kuna walioondoka peke yao.

Miriam Makeba alitoka kihalali mwaka 1959, akapata jina Marekani. Mwaka uliofuata mama yake alifariki, naye akataka kwenda kuzika. Nadhani hakuna safari ya ghafla kuliko hiyo. Alipokwenda ubalozini mwa nchi yake kuweka mambo sawa, pasipoti yake ilipigwa muhuri wa kuifuta. Hakumzika mama yake. Nchi kadhaa baadaye zilimpa pasipoti, Tanzania ikiwemo, Guinea pia, mpaka akawa na lundo la vitabu hivyo. Vyote pamoja havikuweza kumfikisha kwenye kaburi lile. Alirudi nyumbani Juni 1990, kwa pasipoti ya Ufaransa, miaka 30 baada ya msiba.

Wa pili ananigusa zaidi kwa sababu ya kazi yangu. Nat Nakasa alikuwa mwandishi wa habari, wa jarida la Drum na baadaye mwandishi wa safu gazetini Rand Daily Mail. Mwaka 1964, akiwa na miaka 27, alipata nafasi ya mwaka mmoja Harvard, ile fursa ya Nieman ambayo waandishi wa dunia nzima huigombea. Masomo hayasubiri. Aliomba pasipoti akanyimwa. Akabaki na chaguo la kibali cha kutoka, akasaini. Alifika Harvard, akasoma, mwaka ukaisha. Wenzake walirudi makwao. Yeye alikuwa na hati ya kwenda, ya kurudi hakuwa nayo. Julai 1965 alikufa New York baada ya kuanguka kutoka ghorofa ya saba, akiwa na miaka 28. Mabaki yake yalirudishwa Afrika Kusini Agosti 2014. Miaka 49 kwa safari ya masomo ya mwaka mmoja.

Tusiwaachie makaburu peke yao. Marekani, iliyokuwa inauhubiria ulimwengu uhuru, ilimnyang'anya Paul Robeson pasipoti mwaka 1950 kwa sababu ya siasa zake, akakaa bila kusafiri mpaka 1958, mwaka ambao Mahakama Kuu ya huko ilisema kusafiri ni sehemu ya uhuru wa raia. W.E.B. Du Bois, baba wa umajumui wa Afrika, alialikwa na Nkrumah kwenye sherehe za uhuru wa Ghana Machi 6, 1957. Mzee wa miaka 89, aliyeisubiri siku hiyo maisha yake yote, alikosa sherehe kwa sababu hakupewa pasipoti.

Na sisi je? Hapa lazima tuwe wakweli. Nchi iliyomwandikia Mandela karatasi haikuwa na mkono mwepesi hivyo kwa watu wake wote. Baada ya Mapinduzi ya 1964, kutoka Zanzibar kihalali kulikuwa kugumu mno, na wapo waliotoroka usiku kwa mashua wakielekea Mombasa na bara, wakijua hawatarudi karibuni. Familia zilizogawanyika Unguja, Mombasa, Muscat na Dubai mpaka leo zinaijua hadithi hii bila kusomewa. Ukiwauliza bibi zao, watakwambia habari za neno kurudi vizuri kuliko mimi.

Kuna na kisa cha karibu zaidi, cha mwenzetu wa kalamu. Mwaka 2001 serikali ilitangaza kwamba watu wanne, akiwemo Jenerali Ulimwengu, si raia wa Tanzania. Ulimwengu alikuwa mwandishi na mchapishaji wa magazeti, amewahi kuwa mbunge, ameitumikia nchi kwa miaka mingi. Ilibidi aombe uraia wa nchi aliyokuwa ameiwakilisha, na baadaye akaupata. Siku ile tuliokuwa tukidhani uraia ni kitu ulichozaliwa nacho kama kidole tulifundishwa kwamba, serikalini, ni faili, na faili huweza kufunguliwa upya.

Katiba yetu, ibara ya 17, inampa kila raia haki ya kutoka nje ya nchi na kuingia. Tazama maneno yenyewe: kutoka, na kuingia. Azimio la Haki za Binadamu la UN la Desemba 10, 1948 lilisema hivyo hivyo, na Afrika Kusini ilikuwa moja ya nchi nane zilizojizuia kulipigia kura. Lakini haki iko kwenye Katiba, na kijitabu, kwa mujibu wa sheria yetu ya pasipoti ya mwaka 2002, kinabaki kuwa mali ya serikali. Unakibeba, unakilipia, si chako.

Siku hizi mambo yamekuwa mepesi zaidi, lazima tuseme. Tangu Januari 2018 tuna pasipoti ya kielektroniki. Fomu inajazwa mtandaoni, alama za vidole zinachukuliwa kwa mashine, na hati ni ya miaka 10. Kwa mwenye haraka na safari ya nchi jirani ipo hati ya dharura ya kusafiria, ambayo kimsingi ni mjukuu wa karatasi ya Mandela: jina, nchi, ruhusa ya kutoka na kurudi. Kwa kijana wa mjini mwenye cheti chake na cha baba yake, kazi kubwa ni foleni.

Wasiwasi wangu ni kwa yule ambaye mashine haimjui. Kijana wa Kigoma au Kagera, amezaliwa kilometa chache kutoka mpakani, jina lake linafanana na la jirani wa ng'ambo, babu yake hakuwahi kuandikwa popote. Yeye anaposimama mbele ya meza na barua ya mwaliko yenye tarehe ya wiki ijayo, haulizwi habari za safari. Anaulizwa yeye ni nani, babu yake alizikwa wapi, nani anamjua. Hayo ni maswali ya miaka, na yeye amepewa siku tano kuyajibu. Uhakiki ni kazi halali ya serikali, sikatai. Nchi isiyojua raia wake itatoa pasipoti kwa kila mwenye fedha. Ninachosema ni kwamba Januari 1962, serikali changa, yenye ofisi nusu tupu, ilimtambua mgeni aliyekuwa anatafutwa na polisi wa kwao, ndani ya siku chache, kwa sababu iliamua kwamba haraka yake ilikuwa ya haki. Mjukuu wa waliopiga kura kuileta serikali hiyo asichukuliwe kuwa mgeni kuliko Mandela.

Mandela mwenyewe alirudi Dar Machi 1990, wiki chache baada ya kutoka gerezani, na watu wakajaa barabarani kumpokea. Marekani nayo iliendelea kuwa na sheria iliyowataka viongozi wa ANC wapate kibali maalumu kabla ya viza mpaka Julai 2008, mwezi aliotimiza miaka 90. Kumbe faili lake lilikuwa bado wazi mahali fulani.

Kwa hiyo kama unasoma haya na pasipoti huna, kaombe mwezi huu, ukiwa huna presha ya tarehe. Andaa barua ya safari unayoitarajia, mfuate mama akupe cheti kile cha kwenye sanduku la bati, na kama mzee bado yupo, mpeleke akale kiapo akiwa na nguvu zake. Mwulize na babu alizikwa wapi, uandike. Siku ukiulizwa, mzee anaweza asiwepo tena wa kukujibia.